Losheni za kukarabati DNA: zibaki vipodozi au zipimwe kama dawa?

Wakuu, hili tulijadili kwa hoja.

Miale ya urujuanimno ikipenya ngozi hugandamanisha vijenzi jirani vya DNA, mara nyingi thaimini na thaimini, na seli ikijigawa kabla ya kurekebishwa hunakili makosa. Mwili wenye afya hukata sehemu iliyoharibika na kuijaza upya. Wenye ugonjwa wa XP (xeroderma pigmentosum) huzaliwa na kasoro katika uwezo huo, na wengi hupata saratani ya ngozi tangu utotoni.

Mwaka 1975 watafiti wa Japani waliingiza katika seli za wagonjwa hao kimeng'enya (protini inayosaidia kukarabati DNA) cha T4, kirusi kinachoshambulia bakteria, na ukarabati ukaanza. Baadaye kimeng'enya hicho kilifungwa ndani ya laiposomu, vifuko vidogo mno vya mafuta, kikawa losheni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusu wagonjwa 30 wa XP waliopaka kwa mwaka mzima, baadhi yao losheni isiyo na kimeng'enya. Waliopata kimeng'enya walikuwa na mabaka mapya yanayoweza kugeuka saratani pungufu kwa asilimia 68.

Hiyo ni habari kubwa, tena ya matumaini. Ndiyo maana inaniuma kuona vimeng'enya vya aina hii vikiuzwa kama vipodozi kwa watu ambao ukarabati wao hauna hitilafu, huku matokeo ya wagonjwa wa XP yakitumika kama ushahidi. Fotolaizi, kimeng'enya kingine cha kukarabati DNA ambacho binadamu hatuna, ilipunguza migandamano ya thaimini kwa asilimia 40 hadi 45 ilipopakwa kwenye ngozi iliyopigwa miale. Sawa, lakini hicho ni kipimo cha muda mfupi. Saratani hujengeka kwa miaka. Na anayeamini losheni itamkarabati ataona kofia na nguo ndefu ni usumbufu. Anayedai kukarabati DNA athibitishe kama mtengeneza dawa.

Jibu: Mkuu, hapa nakupinga. Wagonjwa wa XP ni wachache mno, nani atagharamia majaribio marefu kwa ajili yao? Kimeng'enya hiki hakibadili jeni, hufanya kazi kisha huvunjwa kama protini nyingine. Ukifunga mlango wa vipodozi, mzazi mwenye mtoto wa XP atakosa hata hicho kidogo, na ngozi ya mtoto haisubiri vikao.

Jibu la mleta mada: Huyo mzazi ndiye ninayemtetea. Leo akinunua chupa hana njia ya kujua ina kimeng'enya kiasi gani, wala kama bado kinafanya kazi, maana protini huharibika kwa joto. Kuhusu gharama, Marekani ina sheria ya dawa za magonjwa adimu tangu 1983, inayompa mtengenezaji miaka 7 ya kuuza peke yake dawa yake ikiidhinishwa. Sasa nijibu, mkuu: mlango huo ukiwa wazi, kwa nini muuza losheni apitie wa vipodozi?