Meno ya Kulwa

Kikundi: FAMILIA YA BIBI KISESA 🐟

JUMANNE

Mama Kulwa: Shkamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nina shida jamani na msinicheke. Kulwa kang'ata tena, leo sio pacha wake Doto, ni mtoto wa jirani hapa Nyegezi, mkono una alama za meno ya juu na ya chini yan unaweza kuyahesabu. Nimeona aibu hadi nikakosa la kumwambia mama yake

Baba Kulwa: mara ya nne wiki hii na wiki yenyewe ndo kwanza jumanne

Baba Mdogo Kirumba: 🤣🤣🤣 mtoto wa ziwani huyo, mamba kabisa

Mama Kulwa: Shem nimesema msinicheke

Shangazi Mkubwa: Pole wifi. Ngozi ya huyo mtoto imechanika au alama tu?

Mama Kulwa: Alama tu. Nimemuosha kwa sabuni na maji ya bomba

Shangazi Mkubwa: Vizuri. Ingechanika ningekwambia mpelekeni zahanati leo leo, mdomo wa mtu una vijidudu vingi sana

Bibi Kisesa: 🎤 1:47

Baba Mdogo Kirumba: Kwa mlioko kazini, mama anasema na nyie mng'ateni, kidogo tu, aonje uchungu wake. Muda wote uliobaki anauliza nani kaondoka na sufuria lake kubwa siku ya harusi

Shangazi Mkubwa: Mama shikamoo. Hapo naomba nikukatalie kwa heshima zote. Mtoto wa mwaka na miezi nane ukimng'ata hapati somo la uchungu, anachoona ni kwamba kumbe hata mama anang'ata

Bibi Kisesa: marahaba. nimelea saba. aling'ata mmoja tu nikamng'ata akaacha

Shangazi Mdogo: Nani huyo mama 👀

Bibi Kisesa: huyo anayecheka hapo juu

Shangazi Mdogo: 😂😂😂😂 MAMBA WA KIRUMBA

Baba Mdogo Kirumba: Ujumbe huu umefutwa

Mama Kulwa: Kitabu cha picha ninacho, kile kigumu kama ubao mgeni alimletea Baba Kulwa, kinahusu hayo hayo ya kung'ata ila cha kiingereza. Nikianza kumsomea anakitafuna, kona zote zimeisha

Baba Mdogo Kirumba: Niachieni mimi. Nachora cha kwetu. Nimestaafu umamba lakini mkono bado upo

ALHAMISI

Baba Mdogo Kirumba: Tayari. Nimepita Makoroboi nimenunua daftari la kuchorea na rangi. Kuna mamba hapo kisiwani Saanane, anamng'ata sangara, anamng'ata kenge, anamng'ata pimbi, anang'ata mpaka mkia wa pundamilia, mwisho wote wanamkimbia anabaki peke yake juu ya jiwe analia. Boda yuko njiani analeta

JUMAMOSI

Baba Kulwa: hadithi imependwa sana

Mama Kulwa: Imependwa mno ndo tatizo. Akifika pale mamba anafungua mdomo na yeye anafungua, AAAMM, halafu anageuka kumtafuta Doto

Shangazi Mkubwa: Hilo nililitegemea. Michoro mizuri mdogo wangu, ile pimbi nimecheka, ila hebu hesabu kurasa, mamba anang'ata kurasa sita analia ukurasa mmoja. Na huo mmoja uko mwisho. Lini Kulwa kafika mwisho wa kitabu? Umri ule anakifunga akitaka, anarudi nyuma, anashika picha moja anataka hiyo hiyo mara kumi. Sasa umemwekea funzo mahali asipofika na mdomo wa mamba umemwekea mlangoni. Mi darasani wale wa miaka mitano wanaelewa vizuri kabisa, watakwambia eeh mwalimu mamba kakosa marafiki. Huyu bado. Halafu lingine ni hilo neno lenu, using'ate using'ate, lisikilizeni wenyewe, hiyo "usi" inapita kama upepo, sikioni kinabaki ng'ate. Kitabu chake kimwonyeshe meno kazi yake nini, na akikasirika aseme nini. Hivi Kulwa ana maneno mangapi?

Mama Kulwa: Mama, baba, maji, samaki, Toto (ndo Doto), pipi... hata kumi sidhani kama yanafika. Doto ndo muongeaji, anaomba kwa niaba ya wote wawili

Shangazi Mkubwa: Hapo ndo penyewe wifi. Doto ana maneno, Kulwa ana meno

Baba Kulwa: 🙆🏾‍♂️

Shangazi Mkubwa: Na saa mnaiangalia? Mara nyingi hawang'ati ovyo ovyo, kuna njaa, kuna usingizi, kuna kunyang'anywa kitu, na kuna fizi. Chonge zinatoka kati ya miezi 16 na 23 hivi, yuko katikati kabisa hapo

Mama Kulwa: Udenda kweli unamtoka mpaka gauni linaloa. Na dada yetu hapa kaniambia kitu mi nilikuwa sijakiona, anasema karibu zote ni saa kumi na moja na nusu jioni, kabla hawajaoga na chakula bado kiko jikoni. Nimekaa nikahesabu ni kweli

Shangazi Mkubwa: Dada yenu apewe soda. Mpeni Kulwa ndizi saa kumi na moja kamili, na kitambaa safi kilicholowa maji baridi atafune. Kitabu tunatengeneza upya, kwa picha zake mwenyewe. Na atakayekuwa anasoma ni dada, maana mchana kutwa ndo yuko nao

Shangazi Mdogo: Mi napiga picha, kesho baada ya kanisa nakuja. Hakuna picha ya kung'ata hata moja eti?

Shangazi Mkubwa: Hata moja

Bibi Kisesa: weka na matobolwa, vile viazi vitamu vyangu vya kukausha. meno kazi yake matobolwa

JUMATATU

Shangazi Mdogo: Imetoka. Kurasa nane za rangi, nimepiga laminesheni zote ili akitafuna atafune plastiki, nimetoboa na kufunga kwa kamba ya kiatu. Meno ya Kulwa haya hapa. Meno yanakula sato. Meno yanakula matobolwa ya bibi. Meno yanapigwa mswaki. Doto kachukua ndoo, Kulwa kanuna (hiyo sikuigiza jamani alinuna kweli nikawahi kupiga). Kulwa anasema YANGU. Fizi zinawasha, Kulwa anatafuna kitambaa. Kulwa na Doto wanaoga. Steshenari hapa karibu na chuo yule kaka kaniuliza dada unafungua shule?

Mama Kulwa: Wabeja sana wifi zangu 🙏🏾🙏🏾

Shangazi Mkubwa: Sikilizeni, asisomewe akiwa ameshang'ata. Hapo kwanza mbebeni aliyeng'atwa, Kulwa aambiwe kwa kifupi "hapana, inauma" basi, bila hotuba. Kitabu ni cha asubuhi akiwa ametulia ameshiba, na ule ukurasa wa YANGU someni kwa sauti kubwa mpaka aige

Baba Mdogo Kirumba: Na mamba wangu je?

Shangazi Mkubwa: Mtunze, atafaa wakifika miaka mitano

BAADA YA WIKI TATU, JUMAPILI

Baba Mdogo Kirumba: Vipi mgonjwa wetu

Mama Kulwa: Hajaacha kabisa nisiwadanganye, wiki iliyopita mara mbili, wiki hii mara moja na hiyo siku ndizi zilikuwa zimeisha. Kitabu anakileta mwenyewe kwa dada asubuhi, ukurasa wa sato anaulamba. Bibi naye alipokuja alimsomea chote kwa kisukuma, akatulia kimya mpaka mwisho, mi hajawahi kunifanyia hivyo

Bibi Kisesa: anajua lugha nzuri

Mama Kulwa: Sasa leo. Doto kachukua ile ndoo. Kulwa kamshika mkono, kaupeleka mdomoni kabisa, mi na dada tumesimama hatupumui, kauangalia ule mkono weee, halafu kautoa akapiga kelele YANGUUUU mpaka jirani katoka nje kuangalia kuna nini

Shangazi Mkubwa: 😭😭❤️

Baba Mdogo Kirumba: Doto karudisha ndoo?

Mama Kulwa: Hajarudisha

Mama Kulwa: Kamng'ata Kulwa

Shangazi Mdogo: 😂😂😂😂😂😂 nife mimi

Baba Kulwa: kwa hiyo tunatoa kopi nyingine

Shangazi Mdogo: Kesho napita steshenari. Nije kupiga picha mpya za Doto?

Mama Kulwa: Usihangaike wifi, si wanafanana, acha zile zile badilisha majina tu