Gari la kambi au hema katika bustani za ufukweni za kisiwa cha tropiki: tuchague lipi?

Msafiri wa Milimani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi na mke wangu, watoto wetu wawili wenye umri wa miaka 7 na 11, pamoja na mama yangu mzazi, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kuinuka kutoka chini bila kushikwa mkono, tunakusudia kukaa siku 12 katika kisiwa cha tropiki, tukihama kutoka bustani moja ya umma ya ufukweni hadi nyingine. Kupiga kambi tumezoea, lakini kambi zetu zote zimekuwa milimani, ambako mtu hupambana na baridi. Ufukwe hatuujui.

Mimi ninapendelea tukodi gari la kambi, yaani lile lenye vitanda, jiko na choo ndani, kwa sababu ya mama. Mke wangu anasema tutakuwa tumekwenda kujifungia ndani ya sanduku la bati, na kwamba hema mbili na gari dogo vinatosha. Ningefurahi kusikia kutoka kwa waliolala huko usiku, si waliopita mchana tu. Aidha, nimeona picha za mahema yaliyosimamishwa hatua kumi tu kutoka kwenye mawimbi, na ninakiri kwamba picha hizo ndizo zilizonivuta. Je, jambo hilo linawezekana?

Fundi wa Magari ya Kambi alijibu:

Ndugu Msafiri, mkeo ana hoja, ingawa si kwa sababu aliyoitoa. Gari la kambi lililokaa juani tangu asubuhi huhifadhi joto katika kuta na paa lake, na saa mbili usiku, wakati hewa ya nje imeanza kupoa, ndani bado kuna fukuto. Watu hudhani kiyoyozi kitatatua tatizo hilo, kisha wanafika kwenye bustani ambayo haina umeme wa kuunganisha magari, na bustani nyingi za ufukweni visiwani ziko hivyo.

Fanyeni hesabu kabla ya kulipa. Betri moja ya kawaida ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 ina nishati ya wati-saa 1,200, na ikiwa ni betri ya risasi na asidi haifai kuitumia zaidi ya nusu, kwa hiyo mnabaki na wati-saa 600. Kiyoyozi cha paa hula wati 1,200 au zaidi, maana yake betri hiyo inakiendesha kwa nusu saa, pengine hata kasoro. Kwa upande mwingine, feni ya wati 25 ikizunguka kwa saa kumi hutumia wati-saa 250 tu. Ndiyo maana mimi huwauliza wenye gari kuhusu feni na madirisha ya paa kwanza, na kiyoyozi huwa swali la mwisho. Dirisha la paa likifunguliwa pamoja na dirisha la chini upande unaotoka upepo, hewa ya moto hupanda na kutoka yenyewe.

Wengine watawaambia mchukue jenereta. Bustani nyingi huzipiga marufuku usiku, nami sisikitiki. Mkiwa nayo, iwekeni mita 6 au zaidi kutoka kwenye dirisha au hema lolote, na moshi wake uelekee mbali na watu, kwa sababu hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na humwua mtu akiwa usingizini.

Jambo la pili ni choo. Tangi la choo, lile linalovutwa nje ili limwagwe, katika magari madogo huchukua takriban lita 20, na kwa watu watano litajaa ndani ya siku mbili au tatu. Ulizeni mapema ni wapi linapoweza kumwagwa, kwa sababu visiwani sehemu hizo ni chache na huenda zikawa upande wa pili wa kisiwa. Maji ya kuoshea vyombo nayo yana sabuni na mafuta, na hayapaswi kumwagwa mchangani.

Tena, msikubali kushawishika kuliingiza gari hilo mchangani. Magari mepesi hupunguziwa upepo wa matairi ili yapite, lakini gari la tani tatu na zaidi lenye tangi la maji huzama hadi ekseli, na hapo maji yanayojaa hayatamsubiri mtu wa kulivuta.

Nahodha Mstaafu alijibu:

Nimesoma swali lako kuhusu hatua kumi kutoka kwenye mawimbi, nikatabasamu, kwa kuwa mimi mwenyewe niliyevuka bahari kwa miaka mingi niliwahi kuamshwa saa nane usiku na maji yaliyokuwa yakipita chini ya godoro langu. Mchana ule nilikuwa nimeyaangalia maji yakiwa yamejaa, nikahesabu nafasi iliyobaki, nikajiona mjanja. Nilichosahau ni kwamba katika sehemu nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, takriban saa 12 na dakika 25 zikipita kati ya kujaa kumoja na kwingine, na kujaa kwa usiku si lazima kulingane na kule kwa mchana. Siku ile kule kwa usiku kulikuwa kukubwa zaidi, na mwezi ulikuwa mpevu.

Kwa ndugu zetu wa milimani nieleze kidogo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua, ambapo maji hupanda juu kuliko kawaida na kupwa mbali kuliko kawaida. Wiki moja baadaye huwa maji mafu, nayo hayasogei sana. Kila siku kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ratiba ya jana si ya leo. Katika visiwa vya Hawaii na vya Karibi tofauti kati ya kujaa na kupwa kwa kawaida haifiki mita moja, lakini kuna visiwa ambako hupita mita tatu, na hapo ufukwe mpana wa mchana unaweza kutoweka wote usiku. Palipo na tofauti ndogo msistarehe pia, kwa sababu mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba ya mbali hufika siku kadhaa baadaye, wakati hapo mlipo hakuna hata upepo.

Msitafute mahali pa kulala kwa kuangalia maji. Angalieni ardhi. Mtaona mistari ya mwani na vijiti iliyoachwa na bahari. Ule wenye unyevu ni wa leo, na ule mkavu uliopauka, ulio juu zaidi, ndio unaoonyesha bahari ilikofika ilipokuwa na nguvu. Pandeni hata huo muupite, hadi pale nyasi na mimea inayotambaa inapoanza kuota kwa kudumu, kwani mmea haukai mahali panaposafishwa na maji ya chumvi kila mwezi. Mkifika hapo mtakuwa hatua hamsini au mia kutoka kwenye maji, na sauti ya mawimbi mtaisikia vilevile.

Kisha tazameni juu. Kivuli cha mnazi kinavutia, lakini nazi yenye kumbi lake inaweza kuwa na uzito wa kilo moja na nusu au zaidi, na ikianguka kutoka mita 20 haibishi hodi. Kuti kavu nalo ni zito kuliko linavyoonekana. Mvinje hauna nazi, ila mizizi yake mchangani haiendi chini sana, nao huanguka katika dhoruba. Katika visiwa vya Karibi kuna mti uitwao manchineel, wenye matunda yanayofanana na tufaha dogo la kijani, ambao utomvu wake huunguza ngozi kiasi kwamba hata kujikinga mvua chini yake ni hatari. Kama una shaka na mti, usilale chini yake wala usichome kuni zake.

Kuhusu upepo, wengi huelekeza mlango wa hema baharini kwa ajili ya mandhari. Mchana ni sawa, kwa kuwa nchi kavu hupata joto upesi na upepo huvuma kutoka baharini. Usiku nchi kavu hupoa kabla ya bahari, upepo hugeuka na kutoka bara, nao ndio wavuvi wanaouita umande. Hema lenye mlango mmoja unaoelekea baharini hukosa upepo huo wa usiku, hivyo chukueni lenye milango miwili inayotazamana, na katika usiku usio na mvua liacheni na wavu wake tu bila kifuniko cha juu.

Vigingi vya milimani havitawafaa, kwani mchanga mkavu hauvishiki. Chukueni mifuko ya kitambaa, ijazeni mchanga, fungeni kamba katikati, muifukie kina cha sentimita 40 na kuukanyaga mchanga juu yake. Kigingi cha kawaida nacho kikifukiwa kwa kulazwa, kamba ikiwa imefungwa katikati yake, hushika kuliko kikisimamishwa.

Mama Pacha alijibu:

Dada yetu, mke wa Msafiri, amenifurahisha, lakini ninaongeza neno juu ya wadudu. Usubi wa pwani ni mdogo mno na hupita kwenye tundu za chandarua cha kawaida cha mbu, hivyo ulizeni hema au dirisha la gari lenye wavu wa tundu ndogo zaidi. Hushambulia alfajiri na wakati jua linapozama, hasa karibu na mikoko na siku isiyo na upepo, na feni inawashinda kwa sababu hawana nguvu ya kuruka dhidi ya upepo. Mbu wa homa ya dengi huuma mchana, kwa hiyo watoto wapakwe dawa hata wakicheza kivulini.

Jambo jingine ni kasa. Vifaranga wao hutoka mchangani usiku na kuelekea kwenye mwanga wa bahari, na taa nyeupe ya kambi huwapoteza wakarudi nchi kavu. Sisi hutumia taa nyekundu na hatuwashi moto mchangani kabisa. Wanangu walilalamika siku ya kwanza tu.

Msafiri wa Milimani aliandika:

Ninawashukuru sana, na Nahodha, Mzee wangu, picha zangu za hatua kumi nimezifuta. Tumeanza kuelewana nyumbani: gari dogo la kambi lenye kitanda kimoja kwa ajili ya mama, na hema moja kubwa pembeni kwa ajili yetu na watoto. Limebaki swali moja. Tukikosa nafasi katika bustani fulani, je, hatuwezi kulala usiku mmoja ndani ya gari kwenye maegesho ya ufukweni?

Mlinzi wa Zamu alijibu:

Ndugu Msafiri, niliwahi kulinda bustani ya aina hiyo, na swali lako ndilo lililonifanya nigonge vioo vya magari usiku wa manane mara nyingi kuliko nilivyopenda. Msilifanye bila kusoma sheria ya mahali mnapokwenda. Hawaii, kwa mfano, sheria ya jimbo inakataza kutumia gari kama makazi barabarani na katika sehemu za umma kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa mahali palipotengwa. Kibali cha hema pia si kibali cha kulala garini, hata kama gari na hema viko kwenye kiwanja kimoja, na kwa mpango wenu wa kuchanganya vyote viwili ni lazima muulize kwa maandishi. Angalieni pia siku za kufunga, kwani katika kisiwa cha Oahu, hukohuko Hawaii, kambi nyingi za bustani za umma hufungwa katikati ya wiki, na mtu anayepanga siku 12 mfululizo hujikuta bila mahali pa kulala Jumatano.

Mkifika, kabla ya kufungua hema, tembeeni na watoto njia ya kupanda mlimani au mahali pa juu, na muitembee kwa mwendo wa mama. Tetemeko likiwa kali au refu, au bahari ikirudi nyuma ghafla, ondokeni papo hapo bila kungoja king'ora wala kukusanya vyombo. Katika kisiwa cha Simeulue, Indonesia, karibu kabisa na chanzo cha tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, wakazi walikuwa na simulizi la wimbi la mwaka 1907 waliloachiwa na wazee wao, wakakimbilia vilimani tetemeko lilipotokea, na kati ya wakazi zaidi ya 70,000, waliokufa walikuwa saba tu. Baada ya wimbi la kwanza msirudi kuchukua chochote, kwa kuwa mengine huja kwa saa kadhaa.

Nahodha Mstaafu aliongeza:

Kwa kuwa bado hamjakata tiketi, nawashauri kuhusu tarehe. Anzeni siku ya tatu baada ya mwezi kuandama. Bamvua itakuwa inapungua, katikati ya safari mtapata maji mafu, na siku ya kumi na mbili mtaondoka mwezi ukikaribia kuwa mpevu, kabla ya bamvua inayofuata kufikia kilele. Mkichagua nusu ile nyingine, baada ya mwezi mpevu, na kisiwa chenu kikiwa Oahu, mtakutana na yavuyavu wa sanduku, viumbe wa baharini wanaochoma vikali, ambao hufika pwani ya Waikiki takriban siku ya 8 hadi ya 12 baada ya mwezi mpevu, na watoto watakaa nje ya maji. Zaidi ya hayo, katika nusu ya kwanza mwezi huwa angani tangu jioni, na mama yako akitaka kwenda msalani kabla ya kulala ataiona njia bila taa.

Msafiri wa Milimani aliandika:

Nimefungua kalenda ya mwezi na kuhesabu pamoja na mama. Amesema mbalamwezi ameikubali, ila kitanda kiwe upande wa dirisha lililo mbali na bahari, ili umande umfikie yeye kwanza.