Mrejesho: nafasi ya kupanda kwenye ndege isiyopanga viti

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza nifanyeje nisiwe wa mwisho kupanda kwenye shirika lisilopanga viti, maana safari iliyopita nilipewa C18 (tulipanda kwa makundi A, B kisha C, kwa kufuata namba, na kila mtu akajichagulia kiti kilicho wazi) nikaishia kubanwa kiti cha katikati. Mkanishauri nifanye check-in mtandaoni, yaani kuthibitisha safari, saa 24 kamili kabla ya safari. Basi nikatega alamu dakika tano kabla, namba ya tiketi nimeshainakili, muda ulipogonga tu nikabonyeza. B7! Kundi A sikulipata, nahisi waliolipia kutangulia walishalizoa. Ila dirishani nilikaa, nyuma kidogo ya bawa, na begi likaingia juu ya kichwa changu. Aliyesema nipitilize nyuma badala ya kung'ang'ania mbele, ubarikiwe sana.