Kumpeleka mama Phillip Island kuwaona pengwini wakitoka baharini jioni: naomba ushauri

Mwana wa Tanga aliandika:

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote.

Mama yangu anawasili hapa Melbourne, Australia, kutoka Tanga mwishoni mwa mwezi wa Juni, naye atakaa nasi kwa majuma sita. Katika mambo machache aliyoyaomba kwa kinywa chake mwenyewe, mojawapo ni kuwaona wale pengwini wadogo wanaotoka baharini jioni kule Phillip Island. Mjukuu wake wa miaka tisa amemsimulia kwenye simu mara nyingi, lakini bado haamini kwamba yupo ndege asiyeruka, anayeshinda baharini kama mvuvi na kurudi nyumbani kwa miguu kiza kikiingia. Mimi nimeishi huku miaka minne bila kwenda, kwa sababu kila nilipopanga iliangukia zamu yangu ya usiku.

Ninaomba mnisaidie kwa mambo haya. Mama ana miaka sabini na mbili, magoti yanamsumbua, na hajawahi kuonja baridi inayozidi ile ya Lushoto. Tutakuwa na watoto wawili, wa miaka tisa na mitano. Je, niendeshe gari mwenyewe kutoka mtaani kwetu Tarneit au nikate tiketi za basi la watalii? Tuondoke saa ngapi, hasa kwa kuwa jua la huku halina adabu kama la kwetu, linalozama saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima? Tena, nikiangalia saa naona kwamba wakati wa pengwini ndio hasa wakati wa swala ya magharibi, na mama hajapata kuichelewesha tangu nimjue. Mwisho, amekwisha kuwaahidi majirani zake picha.

Dereva wa Dandenong alijibu:

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nimekwenda huko mara tano, kila mgeni anapokuja, kwa hiyo nitakueleza njia kama ninavyoipita.

Siku hiyo ipange kwa kurudi nyuma kutoka wakati wa kuzama kwa jua, wala usianze na saa ya kuondoka nyumbani. Mwanzoni mwa Julai jua huzama saa kumi na moja na dakika kumi hivi za jioni, ilhali mwezi wa Desemba huzama karibu na saa tatu kasoro robo usiku, na ndiyo maana ushauri wa mtu aliyekwenda kiangazi hautakufaa. Pengwini huanza kutokeza pale utusitusi unapoingia, kwa sababu wakipita mchana kweupe huonekana na tai na mwewe. Inapasa uwe umefika kwenye kituo cha wageni cha Summerland Beach saa moja kabla ya jua kuzama, maana kutoka hapo kuna mwendo wa miguu hadi kwenye majukwaa ya ufukweni, na wanaofika mwanzo ndio wanaopata viti vya mbele.

Kutoka katikati ya mji ni kilomita 140 hivi, na wewe wa Tarneit utaongeza kidogo. Shika barabara kuu ya M1 hadi uipite Dandenong, kisha South Gippsland Highway na Bass Highway hadi San Remo, ambapo utavuka daraja kuingia kisiwani. Ondoka kabla ya saa sita mchana. Ukifika mapema, nenda kwanza kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa, panapoitwa The Nobbies. Kuna njia za mbao juu ya majabali, na chini yake kuna visanduku vya mbao vilivyowekwa ili pengwini wazalie humo, na ukiinama vizuri mara nyingine utamwona mmoja amejikunyata ndani. Hapo picha zinaruhusiwa. Usichelewe, kwa sababu barabara hiyo hufungwa kabla ya magharibi ili pengwini waivuke kwa amani.

Tiketi zinunue mtandaoni mapema. Julai ina likizo ya shule za jimbo letu la Victoria, na jioni za likizo hujaa. Usijaribu usafiri wa umma ukiwa na bibi na watoto: makochi hufika Cowes, lakini hakuna basi la abiria la kukutoa Cowes hadi ufukweni na kukurudisha usiku.

Kwa upande wa magoti, njia ya mbao kutoka kituoni hadi ufukweni hupitika kwa kiti cha magurudumu. Kwa bibi wa umri huo mimi ningechagua ile tiketi ya chumba cha chini ya ardhi, chenye dirisha refu la kioo lililo sawa na usawa wa mchanga. Huko hakuna upepo, na pengwini hupita mbele ya uso wako.

Mzee wa Bukavu alijibu:

Ndugu, nakusalimu wewe na mama.

Yote aliyoyasema Dereva ni ya kweli, lakini lipo jambo moja ambalo ni afadhali mama alisikie kabla ya safari, ili asiwe na matarajio makubwa kupita kiasi. Idadi ya pengwini wanaopita ufukweni hubadilika kwa majira, na usiku mmoja haufanani na mwingine. Watu walipowahesabu mwezi wa Mei mwaka 2022 walipita zaidi ya 5,000 kwa usiku mmoja, idadi ambayo haikuwa imefikiwa tangu hesabu zianze mwaka 1968. Lakini mnamo Julai hawana makinda ya kulisha, na wengi wao hukaa baharini siku nyingi mfululizo bila kuona sababu ya kurudi kila jioni. Wanaorudi huwa wanatengeneza mashimo yao na kutafutana wenzi. Ukitaka kuona pilikapilika za wazazi wanaokwenda na kurudi kila siku wakiwa wamejaza samaki tumboni, njoo Novemba au Desemba. Najua mama hatakuwepo wakati huo, kwa hiyo usiahirishe. Mwambie tu kwamba huenda akaona mia kadhaa badala ya maelfu, na kwamba mia kadhaa zinatosha kumjaza mtu moyo.

Kuhusu basi la watalii, nitasema niliyoyaona mwenyewe. Kampuni moja ilituzungusha vituo vitano tangu asubuhi, tukafika ufukweni watoto wamelala na wazee wamechoka, na pengwini wa kwanza walipoanza kuingia kwenye nyasi tukaitwa tukimbilie basi. Kumbe sehemu kubwa ya starehe huwa baada ya hapo. Watu wengi huinuka mara tu wanapoona makundi mawili matatu yamepita, nao husongamana kuelekea maegesho. Ninyi kaeni. Kisha rudini polepole kwa njia ya mbao, kwa sababu pengwini hupanda mlima sambamba nanyi, mita moja au mbili tu kutoka miguuni penu, wakienda kwenye mashimo yao na kupiga kelele ambazo hutaamini zinatoka kwa kiumbe mrefu kama rula ya shule na mwenye uzito wa kilo moja hivi.

Mtakapokuwa mkipanda, mwonyeshe mama ile nchi tupu yenye nyasi. Hapo palikuwa na mtaa wa nyumba za mapumziko, na barabara zake na magari yake na mbwa wake. Makoloni mengine ya pengwini kisiwani yalikuwa yamekwisha kutoweka, na hili moja likabaki. Mwaka 1985 serikali ya Victoria iliamua kununua nyumba na viwanja vyote vya mtaa huo, kimoja baada ya kingine, na kazi hiyo ilimalizika mwaka 2010. Mbweha nao waliwindwa kwa miaka mingi hadi kisiwa kikatangazwa mwaka 2017 kuwa hakina hata mmoja. Mimi niliyewahi kuona watu wakihamishwa kwa sababu zisizo na maana yoyote nilisimama pale nikawaza sana. Wenye nyumba walilipwa, lakini nadhani wapo waliolia.

Mama Swafiya wa Mombasa alijibu:

Waaleikum salaam mwanangu. Mpe mama shikamoo zangu atakapofika.

Nianze na swala, maana hao wengine wameiruka. Ukishatoka nje ya mji kwa safari ya kilomita 140, mama anahesabiwa kuwa msafiri kwa madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata. Anaruhusiwa kuichelewesha magharibi na kuikusanya na isha, maadamu ameweka nia hiyo kabla wakati wa magharibi haujatoka. Vivyo hivyo adhuhuri na alasiri anaweza kuzikusanya mkisimama njiani kula. Mweleze haya mkiwa bado nyumbani, tena kwa utaratibu, kwa sababu mtu mzima aliyezoea adhana hapendi kuambiwa habari za ruhusa akiwa tayari kwenye baridi. Mama mkwe wangu alielezwa, akatikisa kichwa, na jua lilipozama akatandika mswala wake pembeni akaswali kwa wakati. Alipomaliza alikuja kukaa nasi. Pengwini hawakuwa wamemsubiri, lakini pia hawakuwa wamekwisha.

La picha ni gumu zaidi. Ufukweni na kwenye njia za mbao hairuhusiwi kupiga picha wala video, kwa kamera au kwa simu, na walinzi wa hifadhi husimamia jambo hilo kwa makini. Mwanga wa ghafla huwatisha pengwini, na mmoja akitishika kundi zima hugeuka na kurudi majini. Mama wa Tanga hatashangaa ukimlinganishia na kasa: pale Mafia au Watamu makinda ya kasa yanapoanguliwa, hakuna anayewamulika kwa tochi. Kwa hiyo picha za majirani zipigwe mchana kule Nobbies, upepo ukimpeperushia mtandio, na kwa pengwini wenyewe anunue kadi za posta.

Kuhusu kile chumba cha kioo, simkubalii Dereva moja kwa moja. Ni kweli kina ahueni, lakini ukiwa nje unasikia mawimbi na kuiona pwani yote: kwanza weupe mdogo ndani ya povu, kisha kumi au ishirini wamesimama ukingoni mwa maji wakisitasita kama watoto wa chuo wanaosubiriana kuvuka barabara, halafu mmoja anathubutu na wote wanamfuata mbiombio wakiyumba. Ikiwa mama anaweza kuketi saa moja, mpeleke nje na umfunike vizuri. Upepo unatoka Bass Strait, ile bahari ya upande wa kusini, nao ni kusi lisilo na huruma. Mvike soksi mbili, suruali ya sufi ndani ya dera, koti refu lisilopitisha maji, glavu na kofia juu ya mtandio. Chukua mto wa kukalia na blanketi. Mwavuli uache, kwa sababu utawaziba walio nyuma. Chai ya tangawizi kwenye chupa isibaki nyumbani.

Mwana wa Tanga aliandika:

Nawashukuru sana. Mama Swafiya, shikamoo. Nimekata tiketi za jukwaani kwa Jumanne ya tarehe saba Julai. Nina swali moja la kuongezea: je, kurudi usiku kuna hatari yoyote barabarani?

Dereva wa Dandenong alijibu:

Endesha taratibu hadi uvuke daraja, kwa sababu wanyama wanaofanana na kangaruu wadogo hurukia barabarani gizani. Na kabla ya kuwasha gari, inama uangalie chini yake. Pengwini mara nyingine hujificha chini ya magari, na kuna vibao vinavyokukumbusha.

Mwana wa Tanga aliandika:

Nimerudi kutoa taarifa kama ilivyo desturi.

Tuliondoka Tarneit saa tano na nusu, tukala San Remo, na Nobbies mama akapigwa picha kumi na saba. Saa kumi na robo tulikuwa kituoni. Nilimweleza habari ya kukusanya swala tangu juzi yake; alinisikiliza hadi mwisho, akasema atampigia simu mwalimu wake Tanga, na mwalimu akamjibu vilevile. Hata hivyo jua lilipozama nilimwona midomo ikicheza, akisoma dua zake chini ya blanketi.

Kundi la kwanza lilitokeza dakika ishirini hivi baadaye, likarudi majini mara mbili, na mama akaanza kuwahimiza kwa sauti ya chini: "Njooni, njooni baba, hakuna mtu." Sijui walikuwa wangapi kwa jumla, lakini nilihesabu mia moja na arobaini kabla mtoto mdogo hajalala mapajani mwangu. Mto wa kukalia niliusahau nyumbani, na jambo hilo nimekwisha kulisikia mara nyingi. Watu walipoanza kuondoka mama hakutaka kuinuka, na kwenye njia ya mbao alisimama karibu nusu saa mbele ya shimo moja ambamo wawili walikuwa wakigombana, akiwatafsiria wajukuu wake kila walichokuwa wakiambiana. Kwa maelezo yake, mume alikuwa amechelewa na hakuja na kitu.

Maegeshoni nilipiga magoti nikamulika chini ya gari kwa adabu zote. Hapakuwa na pengwini, isipokuwa glavu ya kulia ya mwanangu tuliyoitafuta tangu saa kumi.