Kliniki ya kikapu kwa wasichana viziwi: nianze vipi ili isiishie siku ya uzinduzi?

PointiGadi_Temeke:
Habari zenu wanajamvi. Nacheza kikapu hapa Dar, na wikiendi huwa nafundisha watoto. Kuna shule yenye wanafunzi viziwi imekubali nilete kliniki kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17. Wavulana wao wana mpira wa miguu kila jioni. Wasichana wanapata netiboli pale mpira unapokuwepo, usipokuwepo wanakaa kwenye ngazi wanaangalia. Siku niliyokwenda kuongea na walimu nilikuwa na mpira mkononi. Binti mmoja mrefu akanipokonya, akaudunda, akaona ulivyomrudia, akawaita wenzake kwa mikono yote miwili. Walimu walipata kazi kuturudisha ofisini.

Uwanja ni wa saruji, hauna paa, ringi zipo mbili. Mkalimani wa lugha ya alama ni mmoja. Mimi nimezoea kufundisha kwa sauti na filimbi, kwa hiyo naomba wenye uzoefu mnielekeze hasa: mazoezi yanaendeshwaje? La pili linaninyima usingizi zaidi. Kliniki za namna hii zina bango, fulana, mgeni rasmi na picha, kisha basi. Nifanye nini ili baada ya miezi sita wasichana hawa bado wawe wanacheza?

Kiziwi_Nairobi:
Dada, asante kwa kuuliza kabla ya kuanza. Mimi ni kiziwi tangu utotoni, homa ya uti wa mgongo ilinichukulia masikio. Nimecheza kikapu tangu sekondari na sasa nafundisha wasichana viziwi hapa Nairobi.

Anza na mikono. Msichana aliyeshika mpira hawezi kuongea, na hawezi kukuuliza swali. Kila unapotaka kueleza kitu, mipira iwe chini, kati ya miguu. Makocha wengi wanaosikia hawalioni hili, wanadhani watoto wamekuelewa kwa sababu wametulia.

Pili ni macho. Usioneshe lei-apu, ule mtupo wa karibu na ringi ukiwa unakimbia, huku mkalimani anaeleza, kwa sababu watamwangalia nani? Eleza kwanza. Nyamaza. Onesha. Kisha waulize wao wakueleze walichoona. Wapange nusu duara, usiwapange mistari, maana wa nyuma kwenye mstari anaona migongo tu. Na jua likupige wewe usoni, lisiwapige wao. Saa kumi jioni ukisimama upande wa magharibi, unachofundisha ni kivuli.

Sasa mchezo wenyewe. Timu inayosikia inalinda kwa mdomo: "skrini kushoto!", "msaidie!" Skrini ni mpinzani anayesimama njiani kumzuia mlinzi ili mwenzake apite. Sisi hatuna sauti hiyo. Mlinzi wangu namfundisha kugeuza shingo kila pasi inapotoka, na mkono wa nyuma uwe unatafuta mwili wa anayekuja kumzuia. Mwenzake akiona skrini anamgusa mgongoni, upande inakotokea. Tunalirudia zoezi hili hadi wanachoka nalo, kwa sababu bila hilo msichana anagongana kifua kwa kifua na mtu ambaye hakumjua yupo, na wengine hawarudi tena uwanjani. Kukanyaga sakafu kwa kishindo kunasaidia kwenye mbao. Kwenye saruji yako usikutegemee.

Ukiwakusanya kwenye duara, waambie wachezaji viziwi wa chuo cha Gallaudet kule Marekani, miaka ya 1890, wanasifiwa kwa kuanzisha mkusanyiko ule katika futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi, ili wapinzani wasisome alama zao. Wangu walipolijua hilo walianza kusimama kwenye duara vifua mbele.

Kuhusu swali lako la pili nitakuwa mkali kidogo. Usiwe wewe kocha wao milele. Siku ya kwanza kabisa tafuta wanawake viziwi watu wazima, hata kama hawajawahi kushika mpira, uwafundishe pamoja na wasichana, na wao ndio wabaki na filimbi, funguo za stoo na orodha ya majina. CHAVITA, chama chenu cha viziwi, wanaweza kukusaidia kuwapata. Kliniki inayoacha makocha wawili viziwi imefanya kazi kuliko iliyoacha fulana mia.

Refa_Mstaafu_Moro:
Naunga mkono hoja ya dada wa Nairobi. Nyongeza yangu ni ya uamuzi. Nusu ya kazi imeshafanyika, maana ishara za refa wa kikapu ni za mkono: kiganja wazi juu ni kusimamisha saa, ngumi ni madhambi. Wafundishe wasichana ishara hizo wiki ya kwanza, na wazoee kumtupia refa jicho kila mpira unaposimama. Wape wasaidizi wawili vibendera vya rangi kali, mmoja kila upande, wavipeperushe filimbi inapolia. Mchezaji ambaye hakuona akaendelea kudunda asipewe adhabu kwa hilo.

Mtu wa mezani anayeendesha saa ya sekunde 24, yaani muda ambao timu inapaswa iwe imetupa mpira kwenye ringi, si lazima asikie. Hiyo nayo ni nafasi ya kumkabidhi msichana kiziwi asiyependa kukimbia.

Mama_Wawili:
Samahani, mimi si mtu wa michezo, ni mzazi. Binti yangu ni kiziwi, ana miaka 15. Mwaka jana walikuja watu na mashindano yao, wakamaliza giza limeingia, wakawaachia watoto wajitafutie usafiri. Binti yangu alipanda gari lisilo lake na hakuweza kumuuliza konda. Tulimpata usiku kwa wasamaria wema, nikaapa haendi tena kwenye michezo.

Kwa hiyo mwanangu, ukituita sisi wazazi tuambie mambo haya: mnamaliza saa ngapi, nani anawapandisha gari, kuna mwanamke anayejua alama muda wote au la, na choo kina mlango unaofungwa? Weka na pedi kwenye boksi la huduma ya kwanza. Ukinijibu hayo nitamleta mwenyewe, na nitakaa hadi mwisho.

Kiziwi_Nairobi:
Shikamoo mama. Msikilize mama huyu kabla hujanisikiliza mimi.

Nimesahau jambo la mashindano. Katika Deaflympics, michezo ya dunia ya viziwi, anayeruhusiwa ni mwenye upotevu wa kusikia usiopungua desibeli 55 kwenye sikio lililo bora, na shime sikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, huvuliwa mchezoni. Wenye mabaki ya usikivu wasiwe ndio wakalimani na manahodha wa wenzao mazoezini, wakaja kupotea siku ya mechi. Wote wavue wakati wa kucheza, tangu mwanzo. Wanaume walianza kucheza kikapu kwenye michezo hiyo mwaka 1949, wanawake wakasubiri hadi 1981. Tumechelewa kuingia, ndiyo maana sipendi kuona wasichana wanaahirishwa tena "hadi mwakani".

Waoneshe pia video za Tamika Catchings, mchezaji wa kikapu wa Marekani. Alizaliwa na tatizo la kusikia, akachukua dhahabu 4 za Olimpiki na ubingwa wa WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake kule Marekani, mwaka 2012 akiwa na Indiana Fever.

PointiGadi_Temeke:
Mama, shikamoo. Tutaanza saa mbili asubuhi na kumaliza saa sita, ili kila mtoto afike kwao mchana. Nitaomba shule itoe matroni anayejua alama, na hakuna mtoto atakayeondoka bila jina lake kuwekewa alama na aliyempokea. Choo nitakikagua mwenyewe Ijumaa. Mlango usipofunga, fundi anakuja siku hiyohiyo.

Dada wa Nairobi, mgeni rasmi nimemfuta. Hela yake ya jukwaa na maturubai inanunua mipira namba 6, saizi ya wanawake, na nauli za wanawake wawili viziwi watakaokuja kila Jumamosi kujifunza ukocha. Mmoja nimeshampata, ni fundi cherehani Mbagala. Nimemwandikia ujumbe, akajibu kwa swali moja tu: avae viatu gani.

Kiziwi_Nairobi:
Mwambie raba zenye soli isiyoteleza, na asinunue mpya kwa ajili ya siku ya kwanza, zitamchubua. Nipe namba yake inbox, tuongee kwa video. Alama zetu na zenu zinatofautiana, lakini tutaelewana.