Taa ya kutibu sonona ya baridi: nyeupe, buluu, kijani au nyekundu?

Mpwa wa Dunga (Kisumu)
Hamjambo. Mwishoni mwa Desemba, ndugu zetu walioko Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, huona jua likichomoza saa mbili kasorobo na kuzama saa kumi na nusu. Kuna wanaoanza kulala kupita kiasi na kukosa hamu ya lolote ifikapo Novemba, kisha Aprili wanarudi hali yao. Wanashauriwa kununua taa. Madukani kuna rangi nne na bei zinapishana sana. Ipi inatibu?

Nesi wa Kondele
Nyeupe. Tangu Norman Rosenthal na wenzake waueleze ugonjwa huu mwaka 1984 kule Marekani, nyeupe ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote. Kipimo ni laksi 10,000 zinazofika machoni (laksi ni kizio cha kupimia mwanga unaofika mahali), dakika 30, ndani ya saa ya kwanza baada ya kuamka. Taa ya laksi 5,000 inataka saa nzima. Ya 2,500, saa mbili. Mgonjwa haikodolei taa macho. Inakaa kando kidogo, juu ya usawa wa macho, naye anakunywa chai yake. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki moja au mbili. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2006 uliilinganisha na fluoksetini, dawa ya sonona, miligramu 20 kwa wiki nane, matokeo yakawa karibu sawa.

Fundi Stima Nakuru
Dada Nesi, kwa heshima, buluu isitupwe. Seli za retina, ule utando wa nyuma ya jicho, zinazoiambia saa ya mwili kwamba kumekucha zina melanopsini, protini inayohisi mwanga, nayo huitikia zaidi mwanga wa nanomita 480 hivi (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaoamua rangi). Taa ya buluu ya nanomita 470 hufanya kazi hiyo kwa laksi chache, na ni ndogo, inaingia mkobani. Kijani ya 500 haiko mbali, ila tafiti zake ni chache. Nyekundu msinunue kwa ugonjwa huu: kuanzia 620 kwenda juu melanopsini karibu haiioni. Watafiti wenyewe huitumia ikiwa hafifu kama taa ya kulinganishia, ile isiyotarajiwa kutibu.

Miwani Kakamega
Fundi, hiyo 480 ni kweli, lakini hapo ndipo wanunuzi hupotea. Laksi hupimwa kwa jinsi jicho linavyoona mng'ao, na mng'ao huo kilele chake ni kijani cha 555. Kwa hiyo buluu yenye nguvu husomeka laksi kidogo. Usiweke taa ya buluu ya laksi 400 kwenye mizani moja na nyeupe ya 10,000.

Halafu kuna macho yenyewe. Mwanga unaoweza kudhuru retina una kilele karibu na nanomita 440, jirani kabisa na buluu hiyo. Mwenye kisukari kilichogusa retina, au anayetumia dawa zinazoongeza usikivu kwa mwanga, amwone daktari wa macho kwanza, hata kwa nyeupe. Na mzee ambaye lenzi zake zimegeuka manjano hupitisha buluu kidogo tu, kwa hiyo faida ya buluu inapungua kwake.

Fundi Stima Nakuru
Nakubali, hasa la wazee. Niongeze kwamba LED nyeupe ni chipu ya buluu ya 450 hivi iliyopakwa unga wa manjano, kwa hiyo anayenunua nyeupe ana buluu tayari. Achague Kelvini 4,000 hadi 5,000 (hicho ni kipimo cha rangi ya weupe wa taa), iliyochujwa miale ya urujuanimno (UV), kioo cha kutawanya mwanga kiwe kipana, sentimita 30 kwa 40 hivi.

Kosa linalorudiwa ni kufunika balbu kwa karatasi ya nailoni ya buluu. Karatasi haiongezi buluu hata chembe, inakula rangi nyingine zote. Balbu ya wati 9 peke yake, nusu mita kutoka usoni, haifiki laksi 500. Ukiifunika, inabaki taa ya kupambia ukumbi.

Mkulima Kericho
Na ukungu wetu wa Julai? Taa hizi zinatufaa?

Nesi wa Kondele
Ndugu Mkulima, siku kwetu ina saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Hata chini ya mawingu, nje kuna maelfu ya laksi. Sebuleni ni 100 hadi 300. Toka ukae barazani nusu saa asubuhi. Huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili ipelekwe kliniki, isisubiri taa.

Na hili tafadhali mlifikishe kwa jamaa: mwenye bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, asianze taa bila daktari wake, inaweza kumrusha kwenye wazimu wa furaha, halali, hatulii. Na isiwashwe jioni, usingizi utachelewa kuja.

Mpwa wa Dunga (Kisumu)
Asanteni sana. Nyeupe basi. Naweza kuinunua hapa niitume?

Fundi Stima Nakuru
Inunuliwe huko huko. Stima yao ni volti 120, yetu 240, na plagi haziingiliani. Aangalie kwenye boksi zile laksi 10,000 zimepimwa umbali gani. Zikiwa za sentimita 15, atalazimika kuibusu taa. Atafute ya sentimita 30, apime kwa utepe kutoka kioo hadi jicho. Akikaa mara mbili ya umbali huo, mwanga unashuka hadi kati ya nusu na robo, na dakika 30 hazitamtosha.