Kijana anafungiwa geti kwa kuchelewa, anapoteza siku nzima ya masomo. Nimwendee nani?

Soja_wa_Usiku:
Hamjambo wenzangu. Nina kijana wa kidato cha tatu, shule ya kutwa kando ya Barabara ya Jogoo. Sisi tunakaa Kayole, hapa Nairobi. Mimi ni bawabu, zamu yangu ni ya usiku huko Westlands, na mama yake hutoka saa kumi na moja kasoro alfajiri kwenda soko la Gikomba kuchukua samaki wa kuuza.

Shule inataka wanafunzi wawe ndani ya geti saa moja kasorobo. Somo la kwanza ni saa mbili kamili. Saa moja na robo ya katikati ni ya kujisomea, mwalimu akitaka anapitia, asipotaka hapiti. Kijana wangu hufika saa moja na dakika tano, na kumi, mvua ikinyesha hata na nusu. Anakuta geti limefungwa. Mwalimu wa zamu anatoka na daftari, anaandika majina, halafu wote wanaambiwa warudi nyumbani wakalete wazazi.

Mimi nafika nyumbani kwenye saa mbili na kitu, namkuta ameketi kwenye kochi na sare yake yote, tai shingoni, mkoba mapajani. Mara ya kwanza nilidhani amefiwa na rafiki.

Nimeenda huko. Naibu wa mwalimu mkuu akaniambia kuchelewa ni utovu wa nidhamu, hana la kuongeza. Nikatia sahihi kwenye daftari lao, mtoto akaingia. Wiki iliyofuata akafungiwa tena. Sasa ripoti ya muhula imekuja imeandikwa "mahudhurio hafifu", na Hesabu zimeanguka vibaya kwa sababu kipindi cha kwanza Jumatatu na Jumatano ni Hesabu. Yaani amechelewa kujisomea, adhabu ni kukosa kusomeshwa. Mimi hapo akili yangu inagota.

Matatu ndiyo shida kubwa. Asubuhi makanga hawataki kumwona mtoto mwenye sare. Je, shule ina haki ya kumrudisha hivi? Nimhamishe? Au nikipigana na naibu nitakuwa nimemchongea mtoto, maana mimi narudi nyumbani na yeye anabaki naye?

Mzee_Dandora:
Aamke mapema. Kwisha. Sisi tulitembea kutoka Dandora hadi mjini na hatukuwa na simu ya kutuamsha. Mnalea watoto wa mayai.

Soja_wa_Usiku:
Mzee, huyu anaamka saa kumi na moja kasoro, na si kwa simu, ni kwa mlango mama yake anapoufunga akitoka. Kama una ushauri mwingine nitaupokea.

Konda_wa_1960:
Wacha niseme ukweli ingawa mtanitukana. Mimi nafanya hiyo njia. Asubuhi kutoka Kayole kila kiti ni cha kwenda tao, yaani mjini. Mwanafunzi wa Barabara ya Jogoo anashuka katikati, na tukishapita Donholm hakuna anayepanda tena, hicho kiti kinafika mjini kitupu. Halafu anataka kulipa nusu. Mwenye gari anangoja hesabu yake jioni, haulizi nani alikuwa na sare. Ndiyo maana utasikia "tao pekee, tao pekee", na watoto wanasimama nyuma ya kibanda cha mandazi mpaka watu wazima waishe.

Mtoto wa shule ya katikati ya mji anabebwa kuliko wa njiani. Watu hawajui hilo wanapochagua shule, wanaangalia umbali tu.

Sasa dawa. Usimwache apiganie gari jipya kila siku. Nenda steji mwenyewe, siku ya mapumziko, saa za mchana wakati hakuna fujo. Ongea na dereva na makanga wa gari moja, lile linalotoka mapema, mlipe kwa wiki, nauli kamili ya kufika pale shuleni. Makanga akishaipata pesa Jumatatu anamjua huyo mtoto kwa jina. Mimi ninao watatu wa aina hiyo na huwa nawawekea kiti cha nyuma.

Mwl_Kemia:
Nafundisha shule ya kutwa, si hiyo yako, kwa hiyo nitasema yanayofanyika ndani.

Kwa nini geti hufungwa: ukiliacha wazi mwezi wa kwanza, mwezi wa pili nusu ya darasa inaingia saa mbili na robo na mwalimu wa kipindi cha kwanza anafundisha mlango unaofunguka na kufungwa. Hilo si uongo, nimeliona. Na walimu wakuu wanapimwa kwa matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hivyo kila mmoja anatafuta saa ya ziada, na saa rahisi kuipata ni ya alfajiri.

Lakini kumrudisha mtoto nyumbani ni uvivu wetu sisi. Mtoto akiwa ndani ya geti tuna mikono yetu juu yake. Akiwa nje, Barabara ya Jogoo, saa moja na kumi, na shule inajua alifika, akigongwa na gari anajibu nani? Muulize naibu swali hilo moja tu, kwa upole, mbele ya mwalimu mkuu. Walimu wakuu hulielewa haraka kuliko manaibu.

Adhabu za mchelewaji zipo nyingi ambazo hazimtoi darasani: abaki jioni apange maabara, afagie ukumbi wakati wa michezo. Iombe wewe mwenyewe, usingoje waibuni.

Jambo la pili, rejista. Huitwa asubuhi na tena mchana. Mwombe mwalimu wa darasa muipitie pamoja mkilinganisha na daftari la geti. Jina likiwa kwenye daftari la geti siku hiyo hiyo, huyo alikuja shule. Hiyo "mahudhurio hafifu" isipofutwa inaweza kumfuata.

Wakili_wa_Mtaa:
Kwa upande wa sheria, kwa kifupi.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na elimu ya msingi kisheria inafika hadi sekondari. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 40: mwanafunzi asipohudhuria, mwalimu mkuu ndiye anayetakiwa kuchunguza sababu. Achunguze kwanza. Hapa shule yenyewe ndiyo inayosababisha asihudhurie, halafu inamwandikia hakuhudhuria.

Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zimeweka saa za shule za kutwa: masomo saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, kisha michezo na vyama hadi saa kumi na moja kasorobo. Na mwanafunzi wa kutwa halazimishwi kufika kabla ya saa moja na robo. Linganisha na saa moja kasorobo yao.

Ila uelewe sheria hiyo hiyo inakubana na wewe. Kifungu cha 30 kinamtia mzazi hatiani kama hampeleki mtoto shule, kwa hiyo usije ukaamua abaki nyumbani hadi mambo yatulie. Na kama wachelewaji wanachapwa au kupigishwa magoti kwenye kokoto, kifungu cha 36 kimepiga marufuku: faini hadi shilingi 100,000 au kifungo hadi miezi sita, au vyote viwili. Viboko shuleni viliondolewa tangu 2001.

Mwl_Kemia:
Yote kweli, wakili. Lakini Soja, ukiingia ofisini na vifungu mkononi siku ya kwanza utapata jibu la vifungu. Viweke mfukoni. Vitaje mara ya pili.

Mzee_Dandora:
Saa moja na robo? Hiyo kanuni iliandikwa na mtu anayeishi Kilimani, kwa matajiri.

Chuo_Mwaka_wa_Pili:
Mimi nilikuwa huyo mtoto, shule nyingine, foleni ya Outer Ring. Mambo mawili.

Moja, kuna sababu ya kimwili. Ukibalehe, homoni ya usingizi huanza kutoka usiku zaidi, kwa hiyo kijana wa miaka 16 hata ukimlaza saa tatu usiku anageukageuka. Na anahitaji saa nane hadi kumi za kulala. Madaktari wa watoto Marekani walipendekeza mwaka 2014 kwamba shule za umri huo zisianze kabla ya saa mbili na nusu, na jimbo la California likaifanya sheria, ikaanza kutumika 2022. Anayeamka saa kumi na moja kasoro anasinzia hata akiwahi.

Mbili, wengi wetu tulipofungiwa hatukurudi nyumbani. Tulienda kwenye michezo ya kompyuta, tukazunguka Muthurwa, tukarudi saa kumi kama tuliotoka darasani. Wako anarudi nyumbani na kukaa na tai. Usimgombeze kabisa.

Konda_wa_1960:
California hawapandi gari zetu, kijana. Lakini hilo la Muthurwa ni kweli, tunawaona.

Mama_Wawili:
Baba, nimesoma yote na kuna kitu sijaelewa. Mama anatoka saa kumi na moja kasoro. Wewe uko Westlands hadi asubuhi. Huyu kijana anaamka saa kumi na moja kasoro, na bado anafika steji amechelewa. Hiyo saa na nusu anafanya nini? Kuna wadogo hapo nyumbani?

Soja_wa_Usiku:
Yuko mmoja, msichana wa gredi ya nne. Shule yake iko mtaa wa pili, ni njiani tu kuelekea steji, ndiyo maana sikuandika. Kijana anamchemshia chai, anamvalisha, anafunga nyumba, anamvusha barabara na kumfikisha. Geti lao hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu na hamwachi nje gizani, hilo nilimkataza mimi. Akishaingia ndipo yeye anakwenda steji.

Mama_Wawili:
Haya sasa. Saa kumi na mbili na nusu yuko kwenye geti la mdogo wake hapo Kayole, na saa moja kasorobo anatakiwa awe ndani ya geti lake Barabara ya Jogoo. Hata makanga wangemfungulia mlango kwa heshima zote, asingefika. Matatu inaongeza tu juu ya hapo. Huyo mtoto mnamwandikia utovu wa nidhamu na ndiye anayeendesha nyumba kila alfajiri!

Je, shule inajua? Maana daftari la geti haliulizi.

Na mtafute mzazi jirani ambaye mtoto wake anasoma na huyo msichana. Lazima yuko. Kwetu mtaa wa Umoja tuko kina mama wanne, kila mmoja ana asubuhi zake za kupeleka kundi lote.

Soja_wa_Usiku:
Shule haijui. Mtoto mwenyewe hajawahi kusema, ni wa kimya. Nikimuuliza anasema "nilichelewa gari", basi.

Mwl_Kemia:
Wavulana hawasemi. Hakuna wa kidato cha tatu atakayesimama mbele ya wenzake pale getini aseme alikuwa anamfunga mdogo wake viatu. Utasema wewe. Usianze na naibu, mpigie mwalimu wa darasa leo jioni.

Soja_wa_Usiku:
Narudi na habari. Nilimpigia mwalimu wa darasa, ni mama mmoja mstaarabu. Alinyamaza kidogo, akaniuliza jina la shule ya msichana na saa ya geti lao. Ameahidi kulinganisha rejista na daftari la geti, na amenipangia Alhamisi nikutane na mwalimu mkuu, naibu akiwepo. Ameniambia nije na barua.

Jirani wa ghorofa ya chini mtoto wake yuko gredi ya tano hapo hapo. Amekubali Jumatatu na Jumatano, zile siku za Hesabu. Mke wangu atakuwa akimtolea samaki, wameelewana wao kwa wao, mimi nimekaa kando. Siku tatu zilizobaki bado hazina mwenyewe.

Na steji nimekwenda. Gari moja la saa kumi na mbili kamili limekubali malipo ya wiki. Hizo Jumatatu na Jumatano atalipanda hilo. Siku nyingine hawezi kuliwahi.

Mama_Wawili:
Siku tatu hizo ndizo za kuombea shule. Omba saa moja na nusu, usiombe "wamwelewe". Mpe mwalimu mkuu saa anayoweza kuiandika.

Mwl_Kemia:
Sawasawa. Barua iwe ukurasa mmoja: anayeishi na nani, kazi za wazazi na saa zake, shule ya mdogo na saa ya geti, mlichokwisha kufanya nyumbani, kisha ombi lako: siku tatu aruhusiwe hadi saa moja na nusu, akipita hapo aadhibiwe ndani ya shule baada ya masomo. Toa nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wakiipokea. Waombe wampe kijana karatasi ya ruhusa ya kumwonyesha mwalimu wa zamu, kwa sababu walimu wa zamu hubadilika kila wiki na wa wiki ijayo hatakuwa amesikia lolote.

Na Alhamisi usiende moja kwa moja kutoka kazini. Omba wakati wa saa nane mchana, ulale kwanza. Naibu akikuchokoza na hujalala utamjibu.

Soja_wa_Usiku:
Hapo umenijua, mwalimu. Nitaomba saa nane.

Konda_wa_1960:
Mkubwa, hilo gari la malipo ya wiki, ukishalipa chukua namba ya makanga, si ya dereva. Dereva hana habari na viti.